Valensi ya naitrojeni kwenye HNO3 ni 4 au 5? Wakemia wa Kigoma na Tabora njooni humu

#1 Mwl wa Katubuka

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha tuisheni ya kemia hapa Kigoma mjini, vijana wa kidato cha pili mpaka cha nne. Kuna swali limegawa darasa, likahamia kwenye kundi la simu la walimu, na huko nako likatugawa. Nalileta hapa kwa sababu najua humu kuna watu wa maabara, wa viwandani, na wastaafu waliofundisha miaka mingi huko Tabora.

Swali lenyewe: kwenye asidi ya naitriki, HNO3, valensi ya naitrojeni ni ngapi?

Wanaosema 5 wanapiga hesabu hivi. Oksijeni tatu, kila moja hasi 2, jumla hasi 6. Haidrojeni chanya 1. Basi naitrojeni lazima iwe chanya 5 ili molekuli isibaki na chaji. Hesabu iko sawa kabisa, ila walichokitafuta ni namba ya oksidesheni, yaani chaji ambayo atomu inapewa kwenye hesabu, halafu wakakibandika jina la valensi.

Mimi nasema 4. Valensi inahesabu mikono: atomu imewashika wenzake kwa bondi ngapi. Haina chanya wala hasi. Chora HNO3 uone. Naitrojeni ina bondi mbili kwa oksijeni ya kwanza, bondi moja kwa oksijeni ya pili, na bondi moja kwa ile oksijeni iliyobeba haidrojeni. Mbili, moja, moja. Na haiwezi kuzidi hapo, maana gamba la nje la naitrojeni lina obiti nne tu na kila bondi inachukua moja. Ndiyo maana PCl5 utaikuta kwenye chupa maabara, lakini NCl5 hakuna aliyewahi kuitengeneza.

Halafu kuna kitu cha tatu kinachochanganywa humo humo: elektroni za gamba la nje, zile vitabu vinaziita elektroni za valensi. Oksijeni inazo 6, valensi yake 2. Klorini inazo 7, kwenye HCl valensi yake 1. Naitrojeni inazo 5, na hapo ile 5 inapata nguvu ya bure, kwa sababu mwanafunzi anaiona kwenye gamba, anaiona tena kwenye namba ya oksidesheni, anaapa kwamba lazima ndiyo valensi. Nalaumu sodiamu. Kwa sodiamu namba zote tatu ni 1, na kila mwalimu anaanzia kwa sodiamu.

Karibuni. Mwenye 5 aje na mchoro, kalkuleta aiache nyumbani.

#2 Kahawa ya Manyovu

Nimekaa paleee. Wajuvi endeleeni.

#3 Mnyanyembe

Mwangaluka mwalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tabora. Nakupinga, kwa heshima zote.

Mtoto wa kidato cha pili hachori obiti. Anachopewa ni jedwali la valensi pamoja na rediko zake, yale makundi ya atomu yanayotembea pamoja kama kitu kimoja: amoniamu 1, haidroksaidi 1, naitreti 1, salfeti 2, kaboneti 2, fosfeti 3. Kisha anafundishwa kubadilishana namba, valensi ya huyu inakwenda kuwa idadi ya yule. Alumini 3 na salfeti 2, inatoka Al2(SO4)3. Naitrojeni 5 na oksijeni 2, inatoka N2O5. Ukimwambia kwamba naitrojeni haina 5, hiyo N2O5 ataiandikaje?

Pili, usisahau valensi imetoka wapi. Waliobuni jambo hili hawakuwa na habari za elektroni. Walikuwa na mizani. Waliuliza atomu moja ya kitu fulani inakamata haidrojeni ngapi, au klorini ngapi. Oksijeni moja wakaihesabu kama haidrojeni mbili. Pima N2O5 kwa kipimo hicho: oksijeni tano ni sawa na haidrojeni kumi, gawa kwa naitrojeni mbili, unapata 5. Hakuna bondi, hakuna mchoro, na hakuna ubishi.

Kwa hiyo 5 siyo jibu la swali lingine. Ni jibu la swali la zamani kuliko lako.

#4 Kidato cha Tatu Kasulu

Sasa walimu wangu shikamooni, kwenye mtihani niandike ngapi? Sitanii, tuna jaribio.

#5 Mwl wa Katubuka

Marahaba mwanangu. Swali likisema namba ya oksidesheni, andika +5, na usiache hiyo alama, wengi wanaikosea hapo. Swali likitaka valensi ya naitrojeni bila kutaja kampaundi, walimu wengi wanategemea 3, ile ya amonia. Ukikuta namba ya Kirumi ndani ya jina, kwa mfano kopa(II) salfeti, ambayo bibi yako anaiita mrututu, hiyo namba ni ya oksidesheni. Kwenye kopa inalingana na valensi unayoifahamu, ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Sasa mzee wangu Mnyanyembe. Hoja yako ya kubadilishana namba naikubali kwa safari ya kwenda: kutoka valensi kwenda fomula ya chumvi, inafanya kazi vizuri. Shida ni safari ya kurudi. Chukua ethani, C2H6. Ukirudisha namba, kila kaboni imekamata haidrojeni 3. Ethini yenye bondi ya pili, C2H4, kaboni inakuwa 2. Gesi ya asetilini ya mafundi wa kuchomelea, C2H2, kaboni inakuwa 1. Na zote tatu kaboni ni ile ile, mikono minne, isipokuwa mingine imeshika kaboni mwenzake na mizani haiwezi kuiona. Haidrojeni peroksaidi ni vivyo hivyo: H2O2, ukiirahisisha unapata HO, oksijeni ya mkono mmoja. Kumbe ni H–O–O–H, kila oksijeni ina mbili kama kawaida yake. Namba ya oksidesheni yake ni hasi 1, hapo ndipo ile 1 inapohusika.

Hata N2O5 yako, ikiwa gesi, imekaa hivi: NO2 mbili zimeunganishwa na oksijeni katikati. Kila naitrojeni ina bondi nne. Fomula umeipata sahihi kwa namba ambayo haiko ndani ya molekuli.

#6 Mtu wa Reli

Mimi siyo mwalimu, nimesoma kemia chuoni zamani kisha maisha yakanipeleka kwenye reli. Safari ya Tabora hadi Kigoma inatosha kusoma historia nzima ya valensi, basi ngoja niwape kidogo maana nyote wawili mnarudia ugomvi wa karne ya 19.

Mwaka 1852 Mwingereza Edward Frankland, akiwa anacheza na kampaundi za metali na kaboni (zinki na ethili ndiyo iliyompa umaarufu), aliona naitrojeni, fosforasi, aseniki na antimoni zina tabia ya kukamata atomu 3 au 5 za wengine. Siyo 4, siyo 6. Akasema kila elementi ina nguvu yake ya kuungana yenye kikomo. Hiyo ndiyo mbegu. Na mnaona, 5 ya naitrojeni ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Aliipata wapi? Kwenye kampaundi kama amoniamu kloraidi, NH4Cl. Alihesabu haidrojeni nne na klorini moja, zote zimeshikwa na naitrojeni. Jumla 5. Mjerumani August Kekulé, ambaye mwaka 1858 aliandika kwamba kaboni ina mikono minne, naye Mskoti Archibald Couper akasema jambo hilo hilo mwaka huo huo, hakutaka kusikia. Kwake valensi ya elementi haibadiliki: naitrojeni ni 3, imekwisha. NH4Cl aliiona ni molekuli mbili zilizolala pamoja, NH3 na HCl. Hata PCl5 aliifanyia hivyo hivyo, PCl3 na Cl2.

Walibishana miaka. Jibu likaja na elektroni. Gilbert Lewis mwaka 1916 alionyesha bondi ni jozi ya elektroni inayochangiwa, na NH4Cl ikaeleweka: haidrojeni nne zimeshikwa kwa bondi, klorini haikushikwa na bondi yoyote ya naitrojeni, ni ioni iliyosimama pembeni na chaji yake. Nne na moja. Ukizijumlisha unapata 5 ya Frankland, ukizitenganisha unapata 4 ya mwalimu wa Katubuka. Kekulé alipoteza kote kuwili, kwa kuwa PCl5 ni molekuli halali ukiichemsha kuwa mvuke, siyo mbili zilizolala pamoja.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini cha nguvu, na lilianza kushika kwenye vitabu vya Wajerumani miaka ya 1860. Kabla ya hapo kila profesa alikuwa na lake.

#7 Mama Mawese Gungu

Jamani mnapendeza mnavyobishana ila mimi mmeniacha Kidahwe. Natengeneza sabuni za mche kwa mawese, niko Gungu. Kemia niliishia kidato cha pili. Hiyo valensi inanisaidia nini mtu kama mimi? Na swali langu la kweli: kostiki imepanda bei, je nikitumia chokaa? Jirani yangu anasema vyote vinaunguza mkono kwa hiyo ni kitu kimoja.

#8 Fundi Maabara

Dada Mama Mawese, swali lako ndilo la valensi kuliko yote yaliyoulizwa humu. Nitajibu polepole.

Molekuli moja ya mafuta ya mawese ni gliserini iliyoshika asidi tatu za mafuta. Tatu, kwa sababu gliserini ina sehemu tatu za kushikia. Ukitia kostiki, NaOH, kila sodiamu inachukua asidi moja na kuondoka nayo, hiyo ndiyo sabuni. Sodiamu ina mkono mmoja, kwa hiyo mafuta molekuli moja yanataka kostiki tatu. Uzito wa molekuli ya mafuta ya mawese kwa wastani ni kama 848. Kostiki ni 40, mara tatu ni 120. Gawa 120 kwa 848, unapata 0.1415. Yaani kilo moja ya mawese inataka gramu 141 za kostiki. Hiyo namba unayopimiwa na wenzako kwa mazoea imetoka kwenye hizo tatu na hiyo moja. Mafuta hutofautiana kidogo, kwa mawese iko kati ya 136 na 149, na watengenezaji wengi hupunguza kama asilimia 5 ili sabuni isibaki na kostiki ya kukata mikono. Mafuta ya mise, yale ya kokwa ya mchikichi, yanataka zaidi, kati ya gramu 165 na 180, kwa kuwa asidi zake ni fupi na kilo moja inabeba molekuli nyingi zaidi.

Wale wa majivu ya ndizi, potasiamu iliyomo nayo ina mkono mmoja. Kwa hiyo inaweza kukaa kwenye kiti cha sodiamu moja kwa moja. Ila ni nzito: potasiamu haidroksaidi ni 56 badala ya 40, basi 141 inakuwa kama 197. Na sabuni yake inakuwa laini, haisimami mche.

Sasa chokaa. Kalsiamu ina mikono miwili. Inakamata asidi ya mafuta huku na nyingine huku, na kitu kinachotoka hakiyeyuki kwenye maji. Kinateleza, hakitoi povu. Viwandani kinathaminiwa sana, ndicho kinachotengeneza grisi ya aina fulani. Lakini mteja wako wa Kibirizi akiingia nacho ziwani hatarudi dukani kwako.

#9 Mama Mawese Gungu

Hahaha, grisi! Asante sana kaka. Kwa hiyo ule utando mweupe tunaouona kwenye beseni tukifua na maji ya ziwa ndiyo mambo hayo hayo ya mikono miwili?

#10 Fundi Maabara

Hayo hayo. Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, kitu ambacho si cha kawaida kwa maji baridi: takriban miligramu 40 za magnesiamu kwa lita, na kalsiamu kama 10. Zote ni za mikono miwili. Kila ioni moja inakula sabuni mbili kabla nguo haijapata kitu.

Wanaopenda hesabu: miligramu 40 za magnesiamu, gawa kwa 24, ni kama milimoli 1.7. Kalsiamu 10 gawa kwa 40, milimoli 0.25. Jumla kama 1.9, zidisha kwa mbili kwa ajili ya mikono, 3.8. Sabuni ya asidi ya palmitiki, ambayo imejaa kwenye mawese, uzito wake ni 278. Zidisha, unapata gramu moja na kidogo kwa kila lita. Ndoo ya lita 20 inaweza kumeza gramu 20 za sabuni yako bila kutakatisha hata kola. Maji ya mvua hayana ukorofi huo, na sabuni ya unga imetengenezwa kwa molekuli ambazo magnesiamu haiziangushi kirahisi.

Valensi ndiyo ile "zidisha kwa mbili". Ukiisahau utakosea kwa nusu.

#11 Mnyanyembe

Fundi umetema madini, na umenipa nafasi ya kumrudia mwalimu.

Mwalimu, umesema valensi ni kuhesabu bondi. Haya. Twende Uvinza, pale watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ilikuwa inaibeba mpaka kwetu Unyanyembe. Chukua punje ya ile chumvi. Ndani yake kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini imezungukwa na sodiamu sita. Hakuna molekuli ya NaCl humo ndani, ni mpangilio unaoendelea tu. Nionyeshe mkono mmoja wa sodiamu uko wapi. Ukihesabu majirani unapata 6, na hakuna mwalimu duniani atakayekubali sodiamu iwe na valensi 6.

Na kisima changu hapa nyumbani. Maji yakitoka ni meupe, yakikaa kwenye ndoo usiku yanageuka mekundu na kuacha tope. Chuma ilikuwa ya 2, imekutana na hewa ikawa ya 3. Miaka yote tumeita hivyo, chuma ya valensi mbili na chuma ya valensi tatu. Kwenye tope lile hakuna bondi tatu za kuchora. Kuna chaji.

Kwa hiyo definisheni yako inafaa kwa gesi na mafuta, ikifika kwenye chumvi na kutu inakufa.

#12 Kahawa ya Manyovu

Hapo kwa chumvi ya Uvinza mwalimu amebanwa 😄

#13 Mwl wa Katubuka

Sijabanwa, ila mzee ameuliza swali zuri, na lilishapata jibu kutoka kwa mtu aliyehangaishwa nalo kabla yetu.

Alfred Werner, mwaka 1893, akiwa Zurich na umri wa miaka 26. Alikuwa na kampaundi za kobalti zenye klorini tatu na amonia: moja ina amonia sita, nyingine tano, nyingine nne. Ukitia naitreti ya fedha kwenye ya kwanza, klorini zote tatu zinadondoka. Ya pili, zinadondoka mbili. Ya tatu, moja. Kobalti ni ile ile, klorini tatu ni zile zile. Werner akasema atomu ya metali ina valensi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya chaji, kwa kobalti hii ni 3. Ya pili ni idadi ya majirani wanaoigusa, hapo ni 6. Amonia ikipungua, klorini inaingia kujaza nafasi ya jirani, ndiyo maana haidondoki tena. Alipewa Nobel mwaka 1913.

Ile ya pili leo tunaiita namba ya koodinesheni na hatuihesabu tena kama valensi. Ndiyo 6 ya chumvi ya Uvinza. Ile ya kwanza, kwa kampaundi za ioni, ni ukubwa wa chaji bila alama. Sodiamu 1, chuma 2 au 3, salfeti 2. Kwa hiyo nakubali mzee: kwenye chumvi na kutu valensi ni chaji, elektroni ngapi zimetolewa au zimepokelewa. Kwenye molekuli ni bondi, jozi ngapi za elektroni atomu inashirikiana na wenzake.

Lakini HNO3 ni molekuli. Kule kwenye kisima nakuachia, huku kwenye asidi siachii.

#14 Mvinza Halisi

Nimeona kwetu kumetajwa nikaingia. Chumvi mmeshaimaliza, mimi naongeza shabu.

Huku mto Malagarasi ukifurika maji ni tope tupu. Wazee wanachukua shabu, wanaizungusha kwenye ndoo, baada ya muda tope limekaa chini. Fomula ya shabu ni KAl(SO4)2 na maji yake kumi na mawili. Hiyo peke yake ni zoezi zuri la darasani: potasiamu 1, alumini 3, jumla 4; salfeti mbili, kila moja 2, jumla 4. Zimelingana.

Uzuri uko kwenye ile 3. Punje za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hazitui. Ukitia ioni chanya zinatulia. Hans Schulze mwaka 1882, na baadaye William Hardy mwaka 1900, waliona kwamba nguvu ya kuangusha tope haiongezeki kidogo kidogo valensi ikipanda, inaruka. Nadharia iliyokuja baadaye inasema takriban valensi kwa kipeo cha sita: ya mkono mmoja ikiwa 1, ya miwili ni 64, ya mitatu ni 729. Ndiyo maana hakuna anayetuliza ndoo kwa chumvi ya mezani ingawa tunaichemsha hapa hapa. Kwenye ndoo halisi kuna na jambo la pili, alumini inafanya utandu kama ute unaoshuka na uchafu, kwa hiyo hesabu hiyo isichukuliwe kama kipimo cha kijiko. Maji yakishatulia bado yachemshwe, shabu haiui vijidudu vyote.

#15 Kidato cha Tatu Kasulu

Na zile gesi za kundi la mwisho? Tumeandikiwa valensi 0.

#16 Mtu wa Reli

Heli, neoni, andika 0 ulale. Zenoni iliandikwa 0 mpaka mwaka 1962, Neil Bartlett alipoiunganisha na platini na florini. Muda mfupi baadaye wengine wakapata XeF2, XeF4 na XeF6. Kwa jaribio lako lakini fuata ulichoandikiwa, usije ukamtajia msahihishaji Bartlett.

Nikupe na ya kwako ya kufikiria: Hg2Cl2. Zebaki hapo ina namba ya oksidesheni +1. Valensi yake?

#17 Kidato cha Tatu Kasulu

1?

#18 Mtu wa Reli

Chora kwanza. Kwa nini unadhani hawaandiki HgCl?

#19 Kidato cha Tatu Kasulu

Aaah. Cl–Hg–Hg–Cl. Zebaki zimeshikana zenyewe. 2!

#20 Mnyanyembe

Mtoto ameelewa kuliko mimi nilivyokuwa na umri wake.

Mwalimu wa Katubuka, kwa HNO3 nakupa 4 yako, kwa sharti moja. Ukimfundisha kidato cha pili, usimnyang'anye 5 kabla hujampa kitu cha kuandikia N2O5. Mwambie ile namba ya kubadilishana ni namba ya oksidesheni iliyovuliwa alama yake. Jedwali lenu la rediko liitwe hivyo, na neno valensi lisubiri siku ya kuchora bondi. Mkiendelea kuandika "valensi" juu ya jedwali la chaji, vijana wataendelea kuja na 5 na watakuwa na haki.

#21 Mwl wa Katubuka

Hilo la jedwali nalichukua. Jumatatu nabadilisha kichwa chake ubaoni. Ila vitabu vya kiada sina uwezo navyo, mzee wangu, na mtihani unatungwa kwa kufuata vitabu.

#22 Mama Mawese Gungu

Samahanini kuwarudisha kwenye sabuni. Kuna mtu ameniambia inbox kwamba nikichanganya magadi na chokaa napata kostiki yangu mwenyewe nyumbani. Ni kweli au ananiuzia mbuzi kwenye gunia?

#23 Fundi Maabara

Ni kweli, na njia hiyo ni ya zamani sana viwandani. Kalsiamu ya mikono miwili inaikamata kaboneti ya mikono miwili, zinatuama chini kama chaki, na sodiamu mbili zinabaki majini na haidroksaidi mbili. Kwa uzito: 106 za magadi safi na 74 za chokaa iliyozimwa zinatoa 80 za kostiki.

Nasema usifanye. Magadi ya sokoni si kaboneti tupu, yana bikaboneti na maji na mchanga ndani yake, na chokaa iliyokaa dukani imeshakunywa hewa ikawa nusu chaki. Hutajua maji uliyoyapata yana kostiki kiasi gani, na ile 141 yangu haitakuwa na maana. Sabuni moja itabaki na mafuta, nyingine itamchubua mtoto wa mtu.

Nunua kostiki, pima kwa mizani. Vaa glavu na miwani. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Na usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaila, inatoa haidrojeni, na jiko la mkaa likiwa karibu utapata moto ambao hukuuagiza. Ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua.

#24 Mama Mawese Gungu

Kumbe ndiyo maana sufuria yangu ya kwanza ilitoboka. Asante kaka, mizani ninayo ya kupimia dagaa, inaonyesha gramu tano tano. Inatosha?

#25 Fundi Maabara

Kwa kilo 10 za mawese kwenda juu, inatosha. Kwa kilo moja tafuta ya gramu moja moja.